Tyubu ya Kichina na ngozi inayowasha: mwongozo kwa msomaji wa Likasi

Umeshika tyubu yenye maandishi ya Kichina na picha ya jani la kijani, na mtoto amejikuna usiku kucha. Usiipake bado. Iweke mezani penye mwanga, maana kuna mambo ya kuangalia kabla ya kufungua kifuniko.

Dawa za Kichina si ugeni Likasi. Wachina wako viwandani na migodini toka Lubumbashi mpaka Kolwezi, na barabara kuu inapita kwetu. Basi tyubu zinafika kwa njia zake: shemeji anayefanya kazi kwa Wachina kaleta moja, jirani kanunua nyingine sokoni Kikula, ya tatu imetoka kwenye duka linalopanga betri, sandali na dawa kwenye rafu moja. Sina ugomvi na dawa za Uchina. Hiyo artesunate wanayomchoma mtoto lopitalini malaria ikimzidi asili yake ni mmea wa Kichina, ambao mtafiti Tu Youyou na wenzake waliutoa kiini mwaka 1972. Mama huyo akapewa tuzo ya Nobel mwaka 2015. Lakini haikutosha kusema ni ya kale. Ilipimwa, kiasi chake kikajulikana, madhara yake yakaandikwa. Tyubu iliyo mezani nayo tuidai hivyo hivyo.

Kwanza hakikisha ni eksema

Eksema, ambayo wengine huiita pumu ya ngozi, ina tabia zake. Inawasha kuliko inavyoonekana. Kwa mtoto mchanga huanza mashavuni na kichwani; akikua inahamia kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti. Kwenye ngozi nyeusi usitafute wekundu kama vitabu vya Ulaya vinavyosema: utaona rangi ya kijivu au weusi uliokolea, ngozi nene yenye mistari, mara nyingi vipele vidogo vidogo kama vya baridi. Inapoa, inarudi. Na katika ukoo huwa kuna mwenye pumu au mafua ya vumbi.

Kama nyumba nzima inajikuna, hasa usiku, na vipele viko katikati ya vidole, kiunoni na sehemu za siri, huo ni upele, na dawa yake ni nyingine kabisa. Watatibiwa wote siku moja. Kama ni duara lenye ukingo ulioinuka na katikati pamepona, ni fangasi. Baka lililopauka ambalo ukiligusa kwa pamba mtu hasikii, mpeleke akapimwe ukoma. Na homa ikija pamoja na malengelenge au vipele vyenye kitovu katikati, usikae nyumbani kubahatisha: mpox ipo Kongo, na eksema iliyoingiliwa na virusi vya herpesi inaweza kuua mtoto mdogo.

Nasisitiza hapa kwa sababu krimu yenye nguvu ukiipaka juu ya upele au fangasi, muwasho unapungua siku mbili tatu na unafikiri umepata. Chini yake ugonjwa unatambaa na kubadilika sura, mpaka hata munganga anashindwa kuutambua.

Halafu kuna eksema ya kazi, ambayo katika mji wetu haiwezi kupitwa hivi hivi. Kobalti na nikeli ni madini ambayo miili ya watu wengine huyakataa. Saruji nayo ina kromu inayofanya vivyo hivyo. Kreseri anayeosha mawe mtoni, fundi wa kumwaga zege, mtu wa Shituru anayefanya kazi karibu na asidi: wote mikono inaweza kupasuka na kuwasha. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha vipimo vya mkojo wa watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga, wakakuta kobalti nyingi mno, hata kwa watoto. Sisemi kila mkuno wa Likasi ni wa kobalti. Nasema hivi: ukiona mikono inapona ukiwa mapumziko na inachachamaa ukirudi kazini, hakuna mzizi wa Kichina wala wa Kibemba utakaokuponya wakati unaendelea kutumbukiza mikono mle mle. Glavu, sabuni laini, kubadilisha nguo kabla ya kumbeba mtoto. Hayo ndiyo yanayotangulia.

Sasa tuisome boksi

Si lazima ujue Kichina. Tafuta alama nne hizi kwenye boksi: 国药准字. Zikiwepo, serikali ya Uchina imeisajili kama dawa. Baada yake kuna herufi moja ya Kilatini na tarakimu 8. Herufi hiyo ndiyo ya kukazia macho. Ikiwa Z, imesajiliwa kama dawa ya asili ya Kichina. Ikiwa H, ni dawa ya kemikali, hata boksi likichorwa msitu mzima. Mfano ni Piyanping, tyubu inayojulikana sana kule kwao: ina deksamethasoni, menthol na kafuri. Wenyewe wameandika wazi, hawakumdanganya mtu. Anayedanganywa ni wewe unayeinunua huku kama “mitishamba”.

Ukikosa alama hizo nne na badala yake ukaona namba yenye 消, bidhaa hiyo imeandikishwa kama kitu cha kuua vijidudu, kama vile maji ya kuoshea mikono. Hairuhusiwi hata Uchina kudai kwamba inatibu ugonjwa. Januari 2021, katika jimbo la Fujian, krimu ya watoto ya aina hii iligundulika kuwa na klobetasoli, steroidi kali kuliko karibu zote za kupaka. Mtoto aliyepakwa alivimba uso, akaota nywele, akasimama kukua. Watu wa kule walimwita “mtoto wa kichwa kikubwa”, na maduka yakaagizwa kuziondoa krimu hizo.

Alama nyingine ya kukumbuka ni 松. Ukiikuta mwishoni mwa jina kwenye orodha ya viambato, shuku steroidi, zile ambazo waganga wetu wa lopitali huziita kotikoidi: 地塞米松 ni deksamethasoni, 倍他米松 ni betamethasoni, 氢化可的松 ni haidrokotizoni. Klobetasoli imejificha kidogo, inaandikwa 氯倍他索. Simu yenye kamera na programu ya kutafsiri itakusomea boksi zima kwa Kifaransa. Itakosea hapa na pale, lakini majina haya huyapata. Kama boksi halina orodha ya viambato, au tyubu imekuja bila boksi, au krimu imehamishiwa kwenye kopo dogo lisilo na maandishi, hapo hakuna cha kusoma. Usipake.

Steroidi yenyewe si sumu. Haidrokotizoni ya asilimia 1, siku chache, mahali panapowaka, ni tiba halali ya eksema na mara nyingi ndiyo bora. Ubaya ni kupaka kali bila kujua, uso mzima, miezi. Akina mama wa Likasi hawahitaji somo refu hapa, maana wameona nyuso za waliojichubua kwa krimu za klobetasoli: ngozi nyembamba, mishipa inaonekana, vipele vya chunusi, michirizi kama ya mimba kwenye mapaja. Ni dawa ile ile. Karibu na macho inaweza kuleta presha ya jicho.

Hadithi hii Uingereza waliipitia kabla yetu. Mwaka 1999 jarida la BMJ lilitoa uchunguzi wa krimu 11 zilizouzwa kama mitishamba ya Kichina ya ngozi: 8 zilikuwa na deksamethasoni. Mwaka 2003 waganga wa watoto wa Birmingham walipima krimu 24 za “mitishamba” walizoletewa na wazazi. 20 zilikuwa na steroidi, nyingi zikiwa kali.

Kwa hiyo dalili ya kukushtua ni kasi. Eksema ya miaka iliyotulia ndani ya siku tatu kwa krimu ya majani, na ikalipuka upya ukiacha siku nne, haikutulizwa na majani.

Mizizi ya kuchemsha ni habari nyingine

Tabibu halisi wa Kichina hauzi tyubu moja kwa watu wote. Anatazama ulimi, anashika mapigo ya mkono, anauliza choo na usingizi, kisha anasema ni unyevu na joto kama kidonda kinatoa maji, au ni damu kavu na upepo kama ngozi imekauka na kupasuka. Kila hali ina mchanganyiko wake. Kinachotoa maji hupewa magome machungu kama huangbai au mzizi wa kushen, ambayo huchemshwa na maji yake kuoshea kidonda. Ngozi kavu hupewa dihuang ya kunywa. Unaweza usikubaliane na nadharia hiyo, lakini ujue kwamba muuzaji anayempa kila mteja pakiti ile ile haifuati.

Je, inafanya kazi? Miaka ya 1980 waganga wa ngozi London waliona watoto wenye eksema sugu wakipata nafuu kwa dawa ya tabibu mmoja wa mtaa wa Wachina, Dk. Luo Dinghui. Wakachagua mimea 10 kutoka kwenye fomula zake, wakaipima. Matokeo yalitoka mwaka 1992: watoto 37 na watu wazima 31 waliomaliza jaribio walipata nafuu kubwa kuliko walipokunywa dawa bandia ya kulinganishia. Wengine waliacha, na lawama kubwa ilikuwa uchungu wa dawa. Furaha ikapoa mwaka 1999, Hong Kong waliporudia fomula hiyo hiyo na kukuta haipiti dawa bandia. Mwaka 2007, Hong Kong tena, mchanganyiko wa mimea 5 ulijaribiwa kwa watoto 85: vipimo vya ngozi havikutofautiana sana, ila watoto waliokunywa walihitaji steroidi kidogo na walisema wanaishi vizuri zaidi. Wakaguzi wa shirika la Cochrane walipokusanya majaribio 28 mwaka 2013, waliandika kwamba ushahidi ni dhaifu kuamua. Kwa kipimo changu hiyo ni dawa ya kujaribu mtu akiwa amesimamiwa, baada ya mengine kushindikana. Si ya kuanzia.

Na kusimamiwa ni kwa sababu ya ini na figo. Baixianpi, gome la mzizi linalopatikana katika fomula nyingi za eksema, limehusishwa na homa ya ini. Figo zina kisa kibaya zaidi. Katika fomula ya London kulikuwa na mutong. Jina hilo hilo sokoni Uchina lilikuwa pia la mmea mwingine, guan mutong, wa jamii ya Aristolochia, wenye asidi inayoua figo na kuleta saratani ya njia ya mkojo. Mwaka 1999 jarida la The Lancet liliandika juu ya wagonjwa wawili wa Uingereza waliokunywa mizizi ya Kichina kwa ajili ya eksema wakaishia kupoteza figo. Brussels walikuwa wameyaona mapema: kliniki ya kupunguza unene iliwapa wanawake vidonge ambamo mzizi mmoja ulibadilishwa na mwingine kwa kufanana jina, na zaidi ya wagonjwa 100 wakaharibika figo. Uchina ilipiga marufuku guan mutong mwaka 2003. Sasa fikiria figo hizo zinafia hapa kwetu, na mashine ya kusafisha damu iko mbali, na kila kipindi kinalipiwa.

Ukiamua kunywa hata hivyo, fanya hivi. Dai majina ya mimea yote kwa maandishi, ya Kilatini ikiwezekana. Anayekataa kwa sababu “ni siri ya kazi” muache na siri yake. Ukiona Aristolochia, guan mutong, guang fangji au qing mu xiang, funga mkoba uondoke. Kabla ya kuanza, nenda laboratwari upime transaminase (ASAT na ALAT) na kreatinini. Rudia baada ya wiki mbili au tatu, halafu kila mwezi. Mkojo ukiwa kama Coca, macho yakiwa ya njano, miguu ikivimba au kichefuchefu kisichoisha, acha siku hiyo hiyo.

Mwenye mimba, anayenyonyesha, anayetumia ARV au dawa za kifua kikuu, mwenye homa ya ini ya B, asinywe. Mwenye presha ya juu aogope gancao, mzizi mtamu unaowekwa karibu kila fomula ili kulainisha ladha: unapandisha presha na kushusha potasiamu. Mtoto mchanga asinyweshwe wala kuoshwa kwa huanglian, huangbai au jinyinhua. Katika nchi za malaria watoto wengi huzaliwa na upungufu wa G6PD, na mimea hii inaogopwa kwamba huvunja damu yao na kuwaletea manjano. Singapore iliipiga marufuku berberine, kiini cha huanglian, kwa miongo kadhaa kwa sababu hiyo.

Jambo dogo la jikoni: Wachina huchemshia dawa hizi kwenye chungu cha udongo, na wanakataza sufuria ya chuma na ya shaba kwa sababu vinachanganyika na dawa. Sisi watu wa mji wa shaba hatuna budi kuvumilia katazo hilo. Sufuria ya alumini iliyochakaa nayo iache. Chungu kipo sokoni.

Krimu au maji ya kuoshea, hata yale uliyoyasoma ukaridhika, yajaribu kwanza pahali padogo. Paka kwenye ngozi isiyo na ugonjwa, mkononi kwa ndani, ukubwa wa kifuniko cha chupa, asubuhi na jioni kwa siku 7. Pasipowasha wala kuvimba, endelea kwa tahadhari.

Yanayofanya kazi kubwa bila jina kubwa

Likasi eksema inachachamaa kiangazi. Juni na Julai usiku ni baridi, hewa imekauka, vumbi jekundu liko kila mahali, mbabula inawashwa ndani na moshi wake unakausha ngozi, blanketi la sufu linawasha shingo. Kwa hiyo kazi kubwa ni kurudisha mafuta kwenye ngozi.

Mwogeshe mtoto kwa maji ya vuguvugu, yasiyo ya moto, dakika 5 hadi 10 zinatosha. Sabuni ya kufulia isimguse. Tumia laini, na kwapani, miguuni na makalioni tu. Usimsugue kwa taulo, mkaushe kwa kugusagusa, na kabla ngozi haijakauka kabisa, ndani ya dakika tatu, mpake vaseline isiyo na manukato mwili mzima. Rudia jioni na kila ngozi inapokauka. Kopo la vaseline likidumu miezi mitatu kwa mtoto mwenye eksema, unapaka kidogo mno. Kata kucha. Nguo ya pamba iwe ndani, sweta juu yake.

Munganga akikuandikia haidrokotizoni, kiasi chake hupimwa kwa kidole: mstari wa krimu toka ncha ya kidole cha shahada cha mtu mzima mpaka kiungo cha kwanza unatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima pamoja na vidole. Ipake penye ugonjwa, na vaseline kwingineko.

Pakitoa maji, mafuta hayashiki. Hapo tumia majani ya chai ya kawaida, na hilo ni deni letu lingine kwa Wachina: chemsha chai nzito bila sukari wala maziwa, ipoe kabisa, lowesha kitambaa safi cha pamba, kiweke juu dakika 15, mara tatu kwa siku, mpaka pakauke. Tanini ya chai inakaza ngozi na kupunguza maji. Hata kunywa chai kumejaribiwa: mwaka 2001 Wajapani waliwapa wagonjwa 118 wa eksema sugu chai ya oolong kila siku pamoja na dawa zao, na baada ya mwezi 74 walikuwa na nafuu ya kuonekana. Hapakuwa na kundi la kulinganisha, kwa hiyo usiuze ng'ombe kwa ajili ya oolong.

Usaha, maganda ya rangi ya asali, harufu, homa, au mtoto kukataa kunyonya, hayo si ya nyumbani. Vivyo hivyo uso uliojaa na kuwa wa mviringo baada ya miezi ya kupaka. Katika hali hiyo usiitupe krimu ghafla. Mwili uliozoea steroidi kwa muda mrefu unaweza kuanguka ukinyimwa siku moja, na munganga atakupangia namna ya kupunguza. Anzia lopitali ya rufaa ya Likasi au kituo kilicho karibu nawe, uulize kama watakuandikia barua ya kwenda kwa munganga wa ngozi Lubumbashi.

Ukienda, beba boksi, tyubu hata ikiwa tupu, karatasi ya maelezo, na mabaki ya mizizi ndani ya bahasha. Usione haya, wala usifiche kwa kuogopa kugombezwa: munganga asiyejua ulichopaka atakuandikia kitu kingine juu yake. Andika ulianza lini, unapaka mara ngapi, nani mwingine nyumbani anaitumia. Ukigundua kuna kitu kimefichwa ndani, mwambie mfamasia wa lopitali apeleke taarifa ACOREP, mamlaka ya Kongo inayosimamia dawa, na umwachie tyubu baada ya kupiga picha ya namba ya toleo iliyogongwa mkiani mwake.